Uzoefu wangu: Stonehenge, Avebury na Woodhenge, hela yako iende wapi?

Naandika hii kwa sababu kila akija mgeni kutoka nyumbani ombi ni lilelile, nipeleke Stonehenge, lile duara la mawe ya kale huku England, na wengi wanaenda na yale mabasi ya watalii ya kutoka London, wanashushwa, wanapiga picha, wanapakiwa tena, alafu wanarudi wanasema "aah, mawe tu". Mimi naishi Reading, huko Wiltshire, mkoa yalipo mawe haya, kwangu sio mbali, nimeshapeleka watu wa kila aina, watoto, wakwe, watu wa kanisani, na msimamo wangu ni huu: Stonehenge nenda mara moja na ukienda nenda umejiandaa, ila kama una siku moja tu na hela ni ya kubana, nenda Avebury, duara lingine la mawe. Woodhenge, palipokuwa na mizunguko ya nguzo za miti, pitia tu, ni bure na haikuchukui hata nusu saa.

Tuanze na Stonehenge maana ndo kila mtu anaitaka. Tiketi kata mapema kwenye intaneti, ni nafuu kuliko kulipia palepale, na unachagua kabisa saa ya kuingia. Bei inabadilika kutokana na siku, mtu mzima jiandae na paundi 20 na kitu, wikiendi na kiangazi inapanda. Mwanachama wa English Heritage, shirika linalotunza sehemu za kale, anaingia bure, na wa National Trust ya England, shirika lingine la namna hiyo, naye hivohivo, kwa hiyo kama mna watoto na mnapenda kutembea pigeni hesabu, uanachama unaweza kujirudisha wenyewe mwaka huohuo. Wageni wa wiki mbili hawana haja, walipe tu.

Ukishaingia usishangae, mawe huyaoni. Jengo la wageni limewekwa mbali makusudi, karibu kilomita 2 na nusu kutoka kwenye mawe, lilifunguliwa mwisho wa 2013 ili eneo lenyewe libaki wazi. Kuna basi la kukupeleka, lipo ndani ya tiketi. Mi nasema hivi: nenda kwa miguu, rudi na basi. Ukitembea unakatiza majani na kondoo, unapita karibu na vilima vya mviringo ambavyo ni makaburi ya watu wa zama za shaba nyeusi, na mawe yenyewe yanaanza kuchomoza madogo kwa mbali yanakua taratibu. Ukienda na basi unashushwa tu unayakuta, ndo maana watu wanasema "mbona madogo".

Kabla ya hapo usiruke makumbusho, na hasa usiruke zile nyumba za nje. Wamejenga nyumba kadhaa kufuata alama za sakafu zilizochimbuliwa Durrington Walls, kijiji cha miaka kama 4,500 iliyopita ambacho wengi wanaamini ndo walikoishi waliojenga Stonehenge. Fito, udongo wa chaki umepigwa juu, paa la majani. Nilikuwa na mjomba wangu kutoka Tanga, fundi seremala wa siku nyingi, akaingia ndani akaugusa ukuta akacheka, "Mjomba, umenitoa Muheza kwa ndege uje unionyeshe nyumba ya kukandika?" Tulivyotoka alikuwa anabishana na yule mzee wa kujitolea kuhusu fito zilivyofungwa, mimi ndo mkalimani.

Lakini huyohuyo mjomba ndo aliyenifundisha kuiangalia Stonehenge, maana mimi nilikuwa naona mawe tu kama wengine. Unazunguka kwenye njia, kuna kamba ya chini ambayo huruhusiwi kuivuka, imekuwepo tangu miaka ya 1970 watu walipozidi kukanyaga na kupanda. Sasa tumefika usawa wa jiwe moja refu kuliko yote, limesimama peke yake, mwenzake wa pembeni na lile la juu walianguka zamani. Mjomba akasimama, akakunja macho, akaniuliza, "Ule pale juu si ulimi ule?" Nikaangalia. Kweli, juu kabisa ya lile jiwe kuna kinundu kimechongwa kimetokeza, nimelipita mara kibao sijawahi kukiona. Ndo ulimi kama wa mguu wa meza, na lile jiwe la juu lilikuwa na tundu lake kwa chini, linakaa hapo halitikisiki. Na sio hilo peke yake, mawe ya juu ya duara la nje yameunganishwa ubavu kwa ubavu, moja lina ukingo mwingine lina mfereji, wanaingiliana, tena yamechongwa kwa kupinda kidogo ili duara liwe duara. Alafu ardhi pale ina mteremko lakini juu kulikuwa usawa. Kazi ya seremala kabisa ila kwa jiwe, tena bila chuma, wanagonga jiwe kwa jiwe. Mjomba akasema hawa watu walikuwa mafundi wa mbao kwanza, mawe yalikuja baadaye, na wataalamu wengi ndivyo wanavyosema.

Kwa hiyo ukifika tafuta kile kinundu. Beba darubini ndogo kama unayo, au simu yenye zuum nzuri.

Kuhusu umri na uzito nitasema kifupi. Mtaro na tuta la mviringo la nje ni la kama 3000 KK, yale mawe makubwa yakasimamishwa karibu 2500 KK. Makubwa wanayaita sarsen, kwa wastani tani 25 hivi, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa mengi yametoka West Woods, kilomita kama 25 kaskazini. Yale madogo ya rangi ya bluu bluu yametoka milima ya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Alafu 2024 ukatoka utafiti kwamba lile jiwe la katikati lililolala, wanaloliita jiwe la madhabahu, asili yake ni kaskazini mashariki ya Scotland, yaani kilomita 700 na zaidi. Watu wanagombana mpaka leo walilileta kwa nchi kavu au kwa bahari. Mi nikisoma hivo tu ile tiketi naiona sio ghali sana.

Kitu kingine ambacho wageni hawakijui ni kwamba baadhi ya mawe yamesimamishwa upya. Kuna matatu yaliyoshikana yalianguka 1797 yakarudishwa 1958, na chini mengine yameshikwa na zege. Wengine wakisikia hivo wanajisikia wametapeliwa, mi siwaelewi, mawe ni yaleyale na sehemu ni ileile. Alafu zamani ilikuwa mali ya mtu binafsi, 1915 ikauzwa kwenye mnada Salisbury kwa paundi 6,600, aliyenunua ni Cecil Chubb, mwanasheria wa hukohuko, inasemekana alienda mnadani kununua vitu vya nyumbani. Miaka mitatu baadaye akaikabidhi kwa taifa. Mke wake alisemaje siku ya mnada ndo ningependa kujua.

Mapungufu yapo. Upepo ule sio wa mchezo, ni tambarare tupu, hata mwezi wa saba beba koti. Barabara kuu ya A303 inapita karibu kabisa, malori unayasikia, na ule mpango wa kuipitisha kwenye handaki serikali iliufuta 2024, kwa hiyo kelele zipo sana tu. Na hiyo kamba. Ukitaka kuingia katikati ya duara kuna tiketi maalum za alfajiri kabla hawajafungua au jioni wakishafunga, vikundi vidogo, bei ya juu, zinaisha mapema sana, na hata ukiwa ndani kugusa hairuhusiwi. Nafasi mojawapo ya bure kabisa ni ule usiku wa kuamkia siku ndefu kuliko zote, tarehe 21 mwezi wa sita kwa kawaida, watu maelfu wanakesha wakisubiri jua lichomoze upande wa lile jiwe la nje linaloitwa Heel Stone. Kuna ngoma, kuna wenye majoho meupe, kuna vijana waliolewa. Kama hupendi misongamano usiende. Kwa mtu asiye na hela kabisa, kuna njia ya umma inapita jirani na uzio, unasimama unaona mawe bila kulipa senti, makumbusho na zile nyumba ndo utazikosa.

Sasa Avebury. Hii iko kaskazini, kwa gari haifiki saa nzima kutoka Stonehenge, na hakuna geti. Unalipia paking tu (mwanachama wa National Trust halipi), alafu unaingia kwenye duara kubwa kuliko duara lolote la mawe duniani, upana wake kama mita 330, kubwa kiasi kwamba kijiji kimejengwa ndani yake, barabara inakatiza katikati, basi linapita, na kuna baa, Red Lion, iko ndani ya duara. Unashika mawe. Unaegemea. Watoto wanakimbia, kondoo wanajikunia humohumo, hakuna mtu wa kukufokea. Kuna jiwe moja kubwa kusini lina kama kiti kwa chini, wanaliita kiti cha shetani, mjomba akakaa akaniambia piga picha niwatumie kwenye grupu la ukoo, ila usiandike jina la hicho kiti.

Mawe ya hapa hayajachongwa, ni kama yalivyookotwa, ndo maana picha zake hazina mvuto kama za Stonehenge. Kinachokuzidi nguvu ni mtaro. Panda juu ya tuta uangalie chini, alafu ujue unachokiona ni nusu tu, kimejaa udongo kwa karne zote hizi, mwanzoni ulikuwa unashuka mita 9 hivi mpaka 10, wameuchimba kwa pembe za kulungu wa huku kwenye chaki, kuzunguka duara lote. Nilishuka mpaka chini ya mtaro nikatazama juu, kijiji chote kikapotea, nikabaki na majani na anga.

Na historia yake ya baadaye inaumiza. Karne ya 17 na 18 watu wa kijiji waliyavunja mawe mengi wapate ya kujengea, walikuwa wanachimba shimo pembeni, wanawasha moto wa majani makavu na kuni mpaka jiwe linachemka, wanamwaga maji baridi mstari mmoja, alafu wanagonga na nyundo linapasuka. Ukipita kijijini angalia kuta za nyumba, baadhi ya mawe ni hayohayo. Mengine yalishafukiwa karne za nyuma, na miaka ya 1930 akatokea tajiri mmoja, Alexander Keiller, ukoo wao walitajirika kwa jemu ya machungwa, akanunua eneo, akayafukua na kuyasimamisha, palipokosekana jiwe akaweka kinguzo cha zege. Mwaka 1938 chini ya jiwe moja wakakuta mifupa ya mtu, ana mkasi na sarafu za mwanzo wa karne ya 14, wakamwita kinyozi. Kwa miaka mingi ilisemwa jiwe lilimwangukia akisaidia kulifukia, baadaye mifupa ilipoangaliwa upya wakasema yawezekana alikuwa ameshakufa alipowekwa pale. Makumbusho madogo yenye jina la Keiller yapo palepale, hayo ndo ya kulipia, na ukiwa na watoto wadogo unaweza kuyaruka.

Woodhenge nayo iko dakika chache kutoka Stonehenge, ukienda bila maelezo utaona vinguzo vifupi vya zege kwenye majani na utanitukana. Ilionekana kutoka kwenye ndege 1925, rubani Gilbert Insall aliona madoadoa shambani, wachimbaji walipokuja wakakuta mashimo ya nguzo za miti, mizunguko 6 mmoja ndani ya mwingine. Kila kinguzo cha zege kimewekwa palipokuwa na mti, na unene wake unakuonyesha ukubwa wa shimo. Mjomba alikaa hapa kuliko Stonehenge, anapima hatua, anauliza miti ya unene huo waliitoa wapi na waliinyanyuaje, na kama kulikuwa na paa. Wataalamu nao hilo la paa hawajakubaliana.

Kwa wenzetu wa Afrika Mashariki mnaosoma mkiwa nyumbani, usije Ulaya kwa ajili ya mawe ya duara peke yake. Thimlich Ohinga iko Migori, Kenya, kuta za mviringo za mawe makavu yaliyopangwa bila simenti wala udongo, imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Umri wake ni mdogo, karne ya 16 hivi, ila ukuta umesimama na unaingia ndani kwa mlango wenye boriti za mawe. Mimi bado sijafika, ipo kwenye orodha.

Usafiri: gari ndo raha, unafanya zote tatu kwa siku moja ukianza asubuhi. Stonehenge saa ya kwanza kabisa, Woodhenge, alafu Avebury mchana mpaka jioni. Bila gari, Stonehenge treni mpaka Salisbury kuna basi la watalii linalotoka stesheni, na Avebury shukia Swindon upande basi namba 49, linakushusha ndani ya duara. Kuunganisha zote mbili kwa usafiri wa umma siku moja sikushauri. Viatu vya tope kwa Avebury, kule mvua ikinyesha njia inakuwa uji, na kinyesi cha kondoo kiko kila mahali.

Stonehenge naipa nyota 4 kati ya 5, Avebury 5, Woodhenge 3 na nusu kama umesoma kwanza, 1 kama hujasoma. Chakula mimi nabeba, chapati na chai kwenye chupa, tunakaa kwenye majani Avebury kwa nyuma ya lile jiwe kubwa la upande wa kaskazini, pembeni ya barabara, linazuia upepo vizuri sana.