Simu za intaneti za ofisini: ipi ununue kama mtandao una itifaki mchanganyiko

Kabla ya kutazama kioo na idadi ya vitufe, uliza simu inaongea na seva ya simu (mtambo unaoziunganisha) kwa itifaki gani, yaani lugha gani ya mawasiliano. Ofisi nyingi zina mchanganyiko: Cisco za zamani zinazotumia SCCP, Avaya za H.323, na mpya za SIP. Zote hukaa kwenye swichi moja ya mtandao bila ugomvi, maana kila itifaki ina namba zake za poti: SIP 5060, SCCP 2000, H.323 1719 na 1720. Anayezikutanisha ni seva. Kwa hiyo tumepanga kwa kigezo kimoja tu: simu itakubana kiasi gani siku ukibadili seva.

1. Simu ya SIP isiyofungwa kwenye seva ya kampuni moja

Yealink, Grandstream na Snom zimo humu. Hakikisha ina PoE (umeme kupitia waya wa mtandao) ya kiwango cha 802.3af, LLDP-MED ili swichi iielekeze kwenye VLAN ya sauti (sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa simu), na matundu (poti) mawili ya waya ya gigabiti. Kompyuta ikiunganishwa kupitia simu yenye poti za megabiti 100, kasi yake inaishia hapo.

Mtego mkubwa uko kwa Cisco. CP-7841-K9 na CP-7841-3PCC-K9 kwa macho ni pacha, lakini ya kwanza inatarajia seva ya Cisco na ya pili ndiyo inayokubali seva za SIP za wengine. Kuihamisha ya kwanza iwe kama ya pili kunadai leseni. Soma lebo ya nyuma, usitegemee picha ya tangazo.

2. Mtumba wa Cisco 7941 au 7961

Simu imara, na inaweza kuwekewa programu ya SCCP au ya SIP, ila si zote mbili kwa wakati mmoja. Inunue kama una mtu wa kuisanidi. Ikiwaka hutafuta kwenye seva ya TFTP (inayogawa faili za usanidi) faili liitwalo SEP, likifuatiwa na anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kifaa) kwa herufi kubwa, kisha .cnf.xml. Ukiandika MAC kwa herufi ndogo kwenye seva ya Linux, simu haitaliona faili hilo.

Kwenye DHCP (huduma inayozipa simu anwani za IP) weka chaguo 150 lenye anwani ya IP ya TFTP kwa ajili ya Cisco, na chaguo 66 kwa simu nyingi za SIP. Avaya husoma 242. Ukiweka kiungo cha http kwenye 66 ukasahau 150, Cisco ya zamani itakichukua kama jina la seva ya TFTP na kukwama.

Angalia pia upande wa seva: Asterisk 21, programu ya seva ya simu, iliondoa moduli za chan_skinny (ya SCCP), chan_mgcp na hata chan_sip (ya SIP ya zamani). SCCP sasa inahitaji moduli ya nje, au programu nyingine ya seva, FreeSWITCH, yenye mod_skinny. Na Cisco 7940 na 7960 ziache kabisa, hata za bure: hazitumii 802.3af, hivyo kwenye swichi ya kawaida ya PoE haziwaki bila adapta.

3. Simu ya H.323 pekee

Kama Avaya 1608 na 1616. Nunua tu kujazia iliyoharibika kwenye mfumo uleule.

Yanayoharibika zikichanganywa

Kodeki kwanza, yaani namna ya kufunga sauti ili isafiri mtandaoni. Simu moja ikiruhusu G.729 pekee na nyingine G.711 pekee, seva lazima itafsiri sauti. Ikikosa moduli ya kutafsiri, simu inakatika mara tu ikipokelewa. Kwenye mtandao wa ndani weka G.711 kote: kila simu hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kiasi ambacho swichi yoyote haikihisi. G.729, yenye kama 31, iwekee laini nyembamba ya tawi.

Menyu ya sauti isipoitikia tarakimu, tatizo liko kwenye DTMF, yaani milio ya vitufe. SCCP hupeleka tarakimu kwenye njia ya maagizo, ilhali SIP kwa kawaida huzipitisha pamoja na sauti kwa RFC 4733. Kwenye PJSIP, moduli ya SIP ya Asterisk, weka dtmf_mode=rfc4733. Ukisikika lakini humsikii mwenzako, zima SIP ALG (kipengele kinachobadili ujumbe wa SIP unaopita) kwenye ruta kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwisho, piga hesabu ya umeme. Simu ya daraja la 2 la PoE hutengewa hadi wati 7 kwenye swichi, hivyo simu 24 zinataka wati 168. Zipo swichi za poti 24 zisizofika hapo, na simu zilizochomekwa mwisho ndizo hubaki gizani.