Uchambuzi wa kitabu: barua za Ellen Terry na Bernard Shaw, wapenzi wa jukwaa msikipite hiki

Mambo vipi wadau, karibuni, leo mezani sina simu wala spika, nina kitabu, nakisogeza kwenye kamera muone kava, kinaitwa Ellen Terry and Bernard Shaw: A Correspondence, kilitoka 1931 na ndani ni barua tupu, mwanzo mwisho, barua walizoandikiana mwigizaji wa kike aliyependwa kuliko karibu wote Uingereza enzi za Malkia Victoria na jamaa mmoja wa Ireland ambaye wakati huo mkate wake ulitoka kwenye kuandika uhakiki magazetini huku tamthilia zake bado hazijashika. Na niseme mapema, watu wengi wanakinunua wakidhani ni kitabu cha mahaba, mahaba yamo tena mengi, lakini mimi naona hela yako inarudi kwenye kazi, hawa watu humu ndani wanafanya kazi, wanasahihishana, wanagombana kuhusu kazi, na mapenzi yamo kwenye bahasha ileile, huwezi kuyatoa ukabaki na barua.

Kwa ambao hamumjui, Ellen Terry kazaliwa Coventry 1847 kwenye familia ya waigizaji, kapanda jukwaani London 1856 akiwa na miaka 9. Hajatimiza hata 17 akaolewa na mchoraji G. F. Watts aliyekuwa na miaka 46, wakaachana kabla mwaka haujaisha. Baadaye akaishi na msanifu majengo Edward Godwin bila ndoa, wakapata watoto wawili, Edith na Edward Gordon Craig, na kwa Uingereza ya wakati ule hilo lilitosha kummaliza mtu kabisa lakini yeye hakumalizika, 1878 mwigizaji Henry Irving alipouchukua ukumbi wa maigizo wa Lyceum kule London akamwita, wakafanya kazi pamoja zaidi ya miaka 20. Waliosoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere mnamkumbuka yule mwanamke anayeingia mahakamani kwa mavazi ya mwanasheria akamwokoa Antonio, basi hiyo nafasi Terry aliicheza 1879, Irving akiwa Shylock, usiku 250 mfululizo. Huyo ndiyo mtu tunayemzungumzia.

Sasa barua zinaanzaje. Juni 1892 Terry anamwandikia mhariri wa gazeti la The World, ana rafiki yake mwimbaji, anataka kujua ukweli, huyu binti ana kipaji au hana. Mhariri anaipeleka kwa mhakiki wake wa muziki, ambaye ni Shaw, na Shaw anajibu ukweli bila kupaka sukari. Yaani imeanza kama barua ya ofisini kabisa. Halafu ikatulia kidogo, ikarudi 1895, na kati ya 1896 na 1900 ndipo moto unawaka, barua zinapishana njiani, na hapo lazima uelewe posta ya London ilivyokuwa, katikati ya jiji walikuwa wanagawa barua hadi mara 12 kwa siku, ukiandika asubuhi jibu unaweza kulipata jioni, ilikuwa WhatsApp yao. Terry anakaa Barkston Gardens, Shaw anakaa Fitzroy Square, jiji moja, na kwa miaka yote hiyo wakakubaliana wasikutane uso kwa uso. Terry alimchungulia tu kupitia tundu la pazia la jukwaa, Shaw akiwa amekaa na watazamaji. Mimi hili nimelifikiria sana, na nadhani ndiyo siri ya utamu wa barua zenyewe, kila kitu ilibidi kiingie kwenye karatasi, hakuna cha kusema tutaongea tukionana.

Haya, twende Septemba 1896, kurasa hizi hata ukizisoma peke yake umefaidi. Lyceum wanaandaa Cymbeline ya Shakespeare, Terry ni Imogen, binti wa mfalme, na Terry mwenyewe wakati huo ana miaka 49. Kuna sehemu ngumu mno mle, Imogen amekunywa dawa ya usingizi watu wakadhani kafa, anaamka na pembeni yake kuna maiti haina kichwa, imevaa nguo za mumewe. Sasa we kama mwigizaji unaamkaje hapo? Unaona nini kwanza? Unajua saa ngapi kwamba kile ni kiwiliwili? Shaw anachukua kalamu anapitia sehemu hiyo hatua kwa hatua, usingizi unatokaje machoni, macho yanaangukia wapi, mistari gani inamharibia mwigizaji kwa sababu inasema kwa mdomo kitu ambacho uso umeshasema tayari. Ni darasa aisee. Na Terry hajibu kama mwanafunzi, huyu mama alikuwa na miaka 40 ya jukwaa mwilini, anachukua anachokitaka kingine anakiacha, anaeleza wasiwasi wake, anapiga mstari chini ya maneno, deshi kila mahali, sentensi inakatika katikati inaendelea kwingine, unamsikia kabisa anavyovuta pumzi.

Halafu subiri, wiki hiyohiyo tamthilia inapofunguliwa Shaw huyohuyo anaandika uhakiki wake kwenye gazeti la Saturday Review! Mtu aliyemwelekeza mwigizaji kwa barua ndiye anayemhukumu gazetini. Kwenye huo uhakiki anampiga Shakespeare, anampiga Irving kwa alivyoikata tamthilia, na anasema Imogen ni watu wawili kwenye mwili mmoja, mwanamke wa kweli ambaye Shakespeare alimgusa bila kujua vizuri, na sanamu ya fadhila tupu, na Terry anasifiwa. Mimi hapa sikubaliani naye hata kidogo, wasomaji wa gazeti walistahili kujua kwamba huyu mhakiki ana barua za huyu mwigizaji mezani kwake. Lakini kwetu sisi tunaosoma leo ni bahati kubwa, tunaona jikoni na sahani kwa pamoja.

Na biashara imo. Shaw alikuwa ameandika tamthilia fupi kuhusu Napoleon, The Man of Destiny, anataka Irving na Terry waicheze, kwa hiyo Terry anakaa katikati, huku bosi wake, huku rafiki yake wa barua. Irving hakatai hakubali, anavuta, na Shaw ana hofu kwamba kuchukua tamthilia ya mhakiki na kuiweka kabatini ni namna ya kumfunga mdomo, anataka itajwe tarehe ya kuchezwa. Desemba 1896 Irving anacheza Richard III ya Shakespeare, Shaw anaandika uhakiki, na Irving akausoma kama unadokeza kwamba alikuwa amelewa jukwaani. 1897 The Man of Destiny ikarudishwa kwa Shaw, mchezo umeisha. Soma barua za Terry za kipindi hicho taratibu, utaona mwanamke anayejaribu kutompoteza yeyote kati ya wanaume wawili wasiovumiliana, na bado kila usiku anapanda jukwaani.

Nigusie kitu cha pembeni, meneja wa biashara wa Lyceum alikuwa Bram Stoker, ndiyo, yule wa Dracula, ya 1897, na yeye alikadiria kwamba aliandika karibu nusu milioni ya barua kwa niaba ya Irving. Nusu milioni! Ukumbi mkubwa wa wakati ule ulikuwa unaendeshwa kwa wino, mialiko, mikataba, maombi ya tiketi za bure, safari za Marekani, yote barua. Kwa hiyo hizi za Terry na Shaw ni tone, ila tone lenye watu ndani.

Kasoro zipo. Shaw anajisemea sana mwenyewe, kuna kurasa anaongea kama yuko mkutanoni, na kama hujui watu wa London wa wakati ule utapotea kwenye majina. Mhariri, Christopher St John, ni mwanamke, aliishi na Edith binti yake Terry, kaweka maelezo katikati ya barua na yanasaidia kweli, ila yuko upande wa Terry waziwazi. Irving hana sauti humu, alifariki Bradford 1905, tunamwona kwa macho ya watu wawili tu na mmoja wao hampendi, hilo ulikumbuke unaposoma. Na suala la faragha linanigusa, Terry alifariki 1928, miaka 3 baadaye barua ziko dukani, Edith alitaka, ila Gordon Craig, mtoto wa kiume wa Terry, alikasirika mpaka akaandika kitabu chake kuhusu mama yake mwaka huohuo. Mimi nafurahi zimetoka, lakini hasira ya yule mtoto naielewa kabisa.

Kuhusu kukutana, 1899 Shaw akaandika Captain Brassbound's Conversion kwa ajili ya Terry, na Terry akamjibu waziwazi kwamba haimfai. Oktoba mwaka huo ikasomwa Liverpool kwa ajili ya kulinda hakimiliki tu, kisha Desemba 1900 ikachezwa London na mwigizaji mwingine, na hapo ndipo wakaonana kwa mara ya kwanza, na barua baada ya hapo zinapungua, unaona kabisa kurasa zinavyokuwa chache. 1906 Terry akaicheza hatimaye, kwenye ukumbi wa Court, Shaw yupo kwenye mazoezi.

Kununua, mimi yangu ni ya mitumba na zinapatikana mtandaoni, hakikisheni dibaji ya Shaw imo lakini muisome mwisho, maana anakueleza cha kufikiri kabla hujasikia sauti ya Terry. Vikundi vya maigizo changeni mnunue moja, fungueni Septemba 1896, mmoja awe Shaw mmoja awe Terry, msome kwa sauti, halafu tafuteni ile sehemu ya Imogen anaamka mjaribu wenyewe jukwaani, mniandikie kwenye komenti mlianza kuangalia wapi.