Kupanga safari ndefu ya baiskeli kando ya bahari: uzoefu wangu na programu ya kuchora njia

Nimeitumia programu hii tangu nilipoanza kuwazia likizo mpaka nilipofunga mikoba kwenye keria. Anayeniuliza kama inafaa namjibu kwamba inafaa sana, mradi ajue inaona nini na haioni nini. Ardhi inaiona vizuri. Upepo haiuoni, wala haijui maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Ukisafiri bara, upungufu huo unaweza usikusumbue hata mara moja. Pwani utakusumbua kila siku.

Ni mojawapo ya programu zinazochora njia juu ya ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 na ambao hadi leo unajazwa na watu wa kujitolea duniani kote. Programu za aina hiyo ni nyingi na data zao zinafanana, kwa hiyo hata kama yako ni nyingine, mengi ya haya yatakufaa. Unagusa pa kuanzia, unagusa unakokwenda, unachagua aina ya baiskeli, na mstari unajichora. Usipoupenda unauvuta kwa kidole hadi barabara nyingine, na umbali unahesabiwa upya hapohapo.

Kilichonivutia zaidi ya vyote ni utepe wa rangi ulio chini ya ramani. Unaonyesha njia yako yote kwa aina ya uso wake: lami, changarawe, udongo, mchanga. Ukigusa kipande cha utepe, kipande hichohicho kinawaka juu ya ramani. Pwani hili ni jambo kubwa, kwa sababu njia zinazopendeza machoni, zile zinazokwenda sambamba na ufuo, mara nyingi hupita nyuma ya matuta ya mchanga. Baiskeli yenye mizigo na tairi nyembamba ikiingia kwenye mchanga mkavu haiendi, na kusukuma baiskeli nzito mchangani ni kazi inayomaliza nguvu za siku nzima ndani ya saa moja.

Rangi ya kuangalia kwa makini kuliko zote ni ya kijivu. Kijivu hakimaanishi barabara mbaya, kinamaanisha kwamba hakuna aliyeandika uso wake ukoje. Nilikuwa na kipande cha namna hiyo katikati ya siku ndefu, kimenyooka, karibu kabisa na maji, kinavutia. Nikafungua picha za setilaiti na kuzikuza. Njia ilikuwa nyeupe, pana kupita kawaida, na kila baada ya mita kadhaa ilijigawa mara mbili au tatu kisha ikaungana tena. Hiyo ni alama ya mchanga: watu na magari hukwepa palipochimbika na kukanyaga kando yake, mpaka njia moja inakuwa nne. Nikauvuta mstari ndani kidogo hadi kwenye lami. Nilipopita eneo hilo nilisimama kwenye njia panda kutazama, na mchanga ulikuwepo kweli, laini na mkavu. Jioni ile niliandika kwenye ramani kwamba uso wa kipande hicho ni mchanga, kwa kuwa OpenStreetMap inamruhusu yeyote mwenye akaunti kuongeza anachokijua. Atakayepanga safari baada yangu hatakutana na kijivu pale, na hilo linanifurahisha kuliko picha nilizopiga.

Mchoro wa miinuko nao ni mzuri, ila unahitaji macho yaliyozoea. Wengi hudhani pwani ni tambarare. Mahali penye majabali, kila kijito kinachoteremka baharini kimechimba bonde lake, na barabara inashuka bondeni kisha inapanda tena, kutwa nzima. Vilima vidogo ishirini vinachosha kuliko mlima mmoja mrefu, maana mwili haupati mdundo wa kutulia. Kwa hiyo nilipogawa siku nilitazama jumla ya mita za kupanda kwanza, kilomita baadaye. Siku ya kilomita 55 yenye majabali niliiona sawa na siku ya 80 ya bonde la mto, na miguu yangu ilikubaliana na hesabu hiyo.

Lakini majabali hayohayo huidanganya programu. Vipimo vingi vya urefu wa ardhi vinavyotumika katika programu za namna hii vinatokana na kazi ya rada iliyofanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Ardhi iligawanywa katika viraba vya takriban mita 30, au 90 kwa toleo pana, na kila kiraba kikapewa urefu mmoja. Sasa fikiria barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali: kiraba kimoja kina barabara, jabali lililo juu yake na maji yaliyo chini. Mstari ukisogea kidogo tu upande mmoja, programu inadhani umepanda mita 40, na hatua chache mbele inadhani umeshuka. Matokeo yake mchoro unatoka kama meno ya msumeno mahali ambapo barabara yenyewe imetulia. Madaraja marefu na mahandaki huleta kosa lilelile, kwa sababu rada ilipima bonde lililo chini ya daraja na mlima ulio juu ya handaki. Ukiona mwinuko wa asilimia 25 unaodumu kwa mita chache kisha unafutika, usiuogope. Linganisha urefu wa mwanzo na wa mwisho wa kipande hicho. Vipimo hivyo vya 2000 tena havikuvuka latitudo ya 60 kaskazini, kwa hiyo sehemu kubwa ya pwani ya Norwe, inakoanzia njia ndefu ya baiskeli iitwayo EuroVelo 1 pale Nordkapp, huchorwa kwa vipimo kutoka vyanzo vingine.

Muda wa safari unaokadiriwa usiutegemee. Unahesabiwa kwa kiwango cha nguvu ulichojiwekea, na mizigo haimo.

Nakuja kwenye upepo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndio unaoamua kama likizo itakuwa ya furaha au ya kusaga meno. Nguvu ya hewa inayokupinga huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Ukinyonga kwa kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa, hewa inakupiga kwa kasi ya 30, na pingamizi lake ni mara nne ya siku isiyo na upepo. Ongeza mikoba miwili ya nyuma na miwili ya mbele, iliyotanuka kama tanga, na utaelewa kwa nini barabara tambarare kabisa inaweza kukuvunja moyo. Programu niliyotumia haina hata alama moja ya upepo. Ilinichorea siku zilizoonekana sawasawa kwenye skrini, ilhali moja ilikuwa ya kusukumwa mgongoni na nyingine ya kupigwa usoni tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo kabla ya kuamua ninaanzia ncha ipi, nilitafuta kumbukumbu za hali ya hewa za mwezi ninaosafiri na kuangalia upepo unatoka upande gani kwa kawaida. Nikaweka ramani ya njia pembeni na kupitia kipande kwa kipande. Waendesha baiskeli wa pwani ya Pasifiki ya Marekani wengi huanzia kaskazini kwenda kusini kwa sababu hii hii: wakati wa kiangazi upepo wa huko hutoka kaskazini-magharibi. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki mwelekeo unaofaa hubadilika na msimu, kaskazi ikikupeleka kusini na kusi ikikupeleka kaskazini.

Kuna sababu ya pili ya kufikiria mwelekeo, na sijui kwa nini wapangaji wengi huipuuza: upande wa barabara. Nchi ambako magari hupita kulia, ukiwa na bahari kulia kwako unakaa ukingoni mwa maji. Unaona kila ghuba, na ukitaka kusimama unaingia kando bila kukatiza magari. Nchi ambako magari hupita kushoto, unataka bahari iwe kushoto. Ukigeuza mwelekeo, unabaki ndani ya ukuta wa jabali siku nzima na mandhari yote yako ng'ambo ya magari mawili yanayopishana. Programu ina kitufe cha kugeuza njia, na niliridhika nacho kabisa. Kinaihesabu upya njia yote, kikizingatia barabara za kwenda upande mmoja tu, badala ya kugeuza mshale peke yake.

Ndani ya siku yenyewe kuna upepo mwingine tena. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake hupaa, na ya baharini huja kujaza nafasi. Ndiyo maana pwani nyingi zina utulivu asubuhi, upepo unaanza kuelekea adhuhuri, unashika kasi alasiri na kulegea jua linapozama. Siku ambazo njia yangu ilielekea upepo nilizifanya fupi na kuzianza kabla hakujapambazuka vizuri. Ratiba hiyo niliiandika mwenyewe kwenye sehemu ya maelezo ya kila siku, kwa sababu programu inakubali maandishi yako hata kama haielewi yanahusu nini.

Maji ndiyo yaliyonifanya niondoe nyota moja kati ya tano. Mito inapoingia baharini hakuna daraja mara zote, na programu inachora mstari wa vitone kutoka ukingo huu hadi ule, inaandika neno kivuko, na kuendelea kana kwamba umeshafika. Haisemi kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi, kama kinafanya kazi msimu huo, au kama kinabeba baiskeli. Tena inaingiza umbali wa majini kwenye jumla ya kilomita zako. Kwenye njia ya La Vélodyssée, inayofuata pwani ya Atlantiki ya Ufaransa kwa zaidi ya kilomita 1,200, unavuka mlango wa Gironde kwa kivuko kati ya Royan na Le Verdon, na anayekikosa akaamua kuuzunguka mlango huo wote kwa baiskeli anahitaji zaidi ya siku moja. Kila palipokuwa na kivuko nilipanga kulala ukingo wa kwanza na kuvuka asubuhi, ili nikikosa cha kwanza kuwe na kingine.

Kujaa na kupwa ni hatari zaidi. Njia iitwayo Passage du Gois, nayo iko pwani hiyohiyo, inaunganisha kisiwa cha Noirmoutier na bara kwa zaidi ya kilomita 4, na hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Mwaka 1999 mashindano ya Tour de France yalipopita hapo, utelezi uliwaangusha waendeshaji wengi kwa pamoja, nao walikuwa mabingwa wasio na mzigo hata mmoja. Njia za aina hiyo programu niliyotumia inazichora kwa rangi ileile ya barabara ya kawaida. Kwa hiyo njia yako ikikatiza ghuba kwa mstari ulionyooka mno, kuza ramani uone kama ni daraja, tuta au kitu kinachozama, kisha tafuta jedwali la maji la siku hiyo hasa. Majira ya maji husogea kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana haikufai leo.

Barabara za majabali nazo hufungwa. Mwezi Mei 2017 mlima uliporomoka juu ya barabara ya pwani huko Big Sur, California, na kipande hicho hakikufunguliwa hadi Julai 2018. Kwenye vipande visivyo na njia mbadala nilisoma taarifa za mamlaka ya barabara ya eneo husika wiki moja kabla, na tena siku moja kabla. Ramani ya kujitolea hujitahidi, lakini haiwezi kuwahi kila poromoko.

Nililipia toleo kamili kwa ajili ya kupakua ramani za kutumia bila intaneti, na sijutii. GPS yenyewe haihitaji mtandao, inapokea ishara za setilaiti tu. Kinachokosekana mahali pasipo na mtandao ni picha ya ramani. Betri inaliwa zaidi na skrini, kwa hiyo niliizima na kuacha sauti iniambie kona.

Ukimaliza kupanga, usiache safari yote kwenye faili moja. Gawa faili moja la GPX, yaani faili linalobeba mstari wa njia, kwa kila siku, lipe jina linaloanza na namba ili zijipange, na ziweke kwenye simu, kwenye kifaa cha kwenye usukani na kwa mtu wa nyumbani. Kwenye zile zenye kivuko au maji ya kujaa na kupwa, andika saa katika jina la faili lenyewe. Hapo utaiona kabla hujagusa kitufe cha kuanza.