Fuso imevishwa Cummins: pampu ipi ya kuvuta mafuta?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Tupo Unga Limited, Arusha, na nyuma yangu ni lori la Fuso lililokata krenki, ile shafti kuu ya injini. Sasa imevaa injini ya 6BT ya Cummins, lita 5.9, valvu 12, na pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ni Bosch P7100, ya mstari. Injini imekaa vizuri, giaboksi imekubali. Kilichobaki ni pampu ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tenki, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri.

Mezani nina tatu. Lakini ngoja nianze na hii geji ya presha, maana inunueni kabla ya pampu yoyote. Pampu ya kuvuta haichaguliwi kwa ukubwa wala kwa bei. Unaangalia pampu kubwa inataka presha kiasi gani. P7100 inataka kama psi 25 hadi 35 (psi ni kipimo cha presha) injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Sasa kuna 6BT nyingine zina pampu ya duara, ile VE. Hiyo inaridhika na presha ndogo tu, na ukiisukumia nyingi sili ya shafti inatoka, dizeli inaingia kwenye oili. Injini jina moja, mahitaji mbali kabisa! Muuza spea akikwambia "hii ni ya Cummins, chukua," muulize: Cummins yenye pampu gani?

Haya. Hii ndogo ya umeme, ya mraba, inatoa psi 4 hadi 7. Mwenye VE anaweza kuitumia. Kwa P7100 ni kuinyima mafuta, basi. Naiweka pembeni.

Hii ya pili ni FASS, ya Marekani, inasukuma galoni 95 kwa saa, karibu lita 360. Naipenda, nasema kweli. Ina filta zake, inatenganisha maji na hewa, na sisi tunaojaza dizeli ya madumu tunajua maji yanavyoua nozeli. Shida ni kwamba ni ya volti 12, na Fuso ni 24. Najua kuna mtu ameshafikiria kuchukua waya kwenye betri moja. Kaka, usifanye hivyo. Betri ile inayonyonywa inabaki chini, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, mwishowe unazika zote mbili. Funga konvata ya kushusha umeme, yenye nguvu ya kutosha. Tena inahitaji paipu ya kurudisha mafuta kwenye tenki, na swichi ya presha ya oili ili injini ikizimika kwa ajali pampu isiendelee kumwaga dizeli. Na filta zake zikiziba ukiwa Longido, utazipata wapi?

Ndiyo maana nimechagua hii ya tatu: pampu ya pistoni ya kawaida, inayofungwa ubavuni mwa bloku na kusukumwa na kemshafti, ile shafti ya kufungua valvu za injini. Haina waya. Ina kitufe cha mpira cha kupampu kwa mkono, kwa hiyo upepo ukiingia kwenye mafuta njiani unautoa mwenyewe. Wenye Dodge Ram za Marekani za mwishoni mwa 1998 hadi 2002 walijifunza kwa uchungu: injini yao ya valvu 24 ilikuja na pampu ya umeme, ikawa inakufa kimyakimya, na pampu kubwa ya VP44, ambayo inapozwa na dizeli yenyewe, inafuata nyuma.

Ila nunueni ya uhakika. Mwaka jana duka moja liliniuzia kopi kwa bei ya orijino. Kwenye tambarare ya Makuyuni lori linakwenda safi. Tukaanza kupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, tumebeba mahindi, mshale wa geji ukashuka kutoka 28 hadi 9, nguvu ikaisha. Bila geji tungefungua nozeli zote bure. Na presha ikiwa ndogo, kagueni pia ile valvu ya marejeo kwenye P7100, inayorudisha mafuta ya ziada kwenye tenki. Springi yake ikichoka, hata pampu mpya itaonekana mbovu.

Wakati wa kufunga, zungusha injini kwanza mpaka kemu isiwe inasukuma pampu. Ukiona inakaza kabla ya kugusa bloku, usilazimishe na bolti. Geji nayo iwekee kivalvu kidogo cha kubana, maana mapigo ya pistoni yanaua mshale, na paipu ya dizeli isiingie ndani ya kebini.

Nimeshatoa upepo. Dogo, washa. Sailensa, bila kukanyaga mafuta... 20. Kanyaga taratibu... 26, 29, 31. Iache hapo hapo, leteni kamera karibu.