AC ya Gari Inanuka: Nini Ununue Kwanza, Nini Ukiache Dukani

Masika yakianza Unguja, malalamiko ya wenye gari huwa yale yale. Unawasha AC asubuhi, na dakika ya mwanzo inakupiga harufu ya nguo mbichi zilizolala kwenye beseni. Baadaye inapungua, kisha pua yako inaizoea. Abiria hajaizoea. Dereva wa teksi anayepokea wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka Nungwi anakaa nao ndani ya hewa hiyo njia nzima, na akiwemo mtoto mwenye pumu kiti cha nyuma, basi hili si suala la aibu tu, ni la afya yake.

Madukani utaonyeshwa vitu vingi vya kuondoa uvundo huo. Nimevipanga hapa kwa jinsi ninavyoona vinastahili pesa yako, na mpangilio wangu ni kinyume cha ule uliozoeleka, maana wengi huanza na marashi, yakishindwa wanakwenda kuongeza gesi. Gesi haihusiki kabisa. Ikipungua, AC haipoozi vizuri, lakini hata ukiijaza sawasawa haiondoi harufu.

Chanzo ni maji. Nyuma ya dashibodi kuna evaporeta, yaani mapezi membamba ya alumini yanayopozwa na gesi. Hewa yetu ya visiwani imejaa unyevu, na ikipita kwenye mapezi hayo ya baridi unyevu huo hugeuka maji, ndiyo yale yanayodondoka chini ya gari. Vumbi la barabara za kifusi na vipande vya majani ya mwembe ulioegesha chini yake huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, vikaganda humo kwenye majimaji. Koga na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo kila unachoshawishiwa kununua kiulize: kinaondoa uchafu na unyevu, au kinaufunika?

Kwanza kabisa kagua kitu kisichouzwa. Washa AC gari ikiwa imesimama, subiri kama dakika kumi, uchungulie chini. Siku ya fukuto maji lazima yadondoke. Yasipodondoka, mpira wa kutolea maji umeziba, na maji yamebaki ndani yakivunda. Kwenye gari nyingi zetu za usukani wa kulia, utakuta zulia la miguuni mwa abiria wa mbele limelowa. Fundi huuzibua kwa upepo wa kompresa kwa dakika chache, na bila hatua hiyo vyote vinavyofuata ni kupoteza fedha. Zipo pia harufu ambazo si za koga: ukisikia harufu tamu na kioo kinaingia ukungu wenye mafuta, maji ya rejeta yanavuja ndani, ukisikia petroli, acha kuendesha, mwite fundi. Na harufu ya mzoga ni panya, hakuna kopo litakalomtoa.

Nafasi ya kwanza naipa filta ya AC, bila kusita. Ni nafuu kuliko kujaza tangi la mafuta, na unaibadilisha mwenyewe. Toyota nyingi zinazokuja kutoka Japani huiweka nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Kifungue, kibane pande mbili kishuke, utaona mfuniko mwembamba. Uvute na filta itatoka. Bisibisi haihitajiki. Wako wenye gari waliokaa nazo miaka bila kujua kwamba ipo, na wakiitoa wanakuta imekuwa nyeusi, imejaa majani na manyoya. Gari nyingine zinafika na nafasi ya filta ikiwa tupu, na hapo uchafu wote umekuwa ukienda moja kwa moja kwenye evaporeta.

Ziko aina mbili kubwa madukani. Nyeupe ya kawaida huzuia vumbi. Ya kijivu au nyeusi ina mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa harufu, na hiyo ndiyo ninayokushauri, hasa kama unapita nyuma ya daladala zinazofuka moshi au unabeba samaki kutoka Darajani. Tofauti ya bei si ya kukuzuia. Angalia mkaa umeenea kwenye karatasi yote. Rangi peke yake si ushahidi. Mikunjo iwe imesimama imara, fremu isipinde ukiibonyeza, kwa sababu filta inayolegea huacha mwanya na hewa hupita pembeni bila kuchujwa. Kwa Toyota, namba za filta hizi huanza na 87139, kisha tarakimu zinazofuata hutegemea gari, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi au ipige picha. Usimwambie muuzaji "ya Noah" ukatosheka, Noah ziko za vizazi vingi. Ukiiweka, fuata mshale uliochorwa ubavuni. Muda wa kubadilisha umeandikwa kwenye kitabu cha gari yako. Kwa vumbi na unyevu wa huku, mimi ningeitazama kila baada ya miezi sita. Filta ya karatasi isioshwe kwa maji. Ikilowa, inakuwa yenyewe ndiyo shamba la koga.

Ya pili ni povu la kusafishia evaporeta, na ukiweza linunue siku moja na filta, kwa sababu filta mpya mbele ya evaporeta chafu haitamaliza kazi. Tafuta kopo lenye mpira mrefu mwembamba ndani ya boksi. Bila mpira huo povu halifiki panapohusika, litaishia kwenye matundu ya dashibodi. Soma tarehe ya mwisho, na soma maelekezo. Maandishi usiyoweza kuyasoma yaache na kopo lake. Hakikisha pia limeandikwa la gari. Yapo ya AC za ukutani ambayo ni makali na hutaka kusuuzwa kwa maji mengi, na ndani ya dashibodi huna namna ya kusuuza.

Kulitumia ni hivi: zima gari, toa filta, ingiza mpira kupitia nafasi yake mpaka karibu na mapezi, upulize huku ukiuvuta taratibu. Epuka mota ya feni na nyaya zake. Mengine huingizwa kutoka chini kupitia mpira wa kutolea maji, na hapo ningemlipa fundi. Acha muda ulioandikwa kwenye kopo, povu ligeuke maji na kushuka. Yakitoka ya kahawia, ujue lilikuwa linahitajika. Halafu fungua milango yote, washa feni bila AC mpaka kukauke, ndipo uweke filta mpya. Ukiiweka mapema, inaweza kulowa kwa unyevu uliobaki humo.

Kuna wanaotumia jiki au siki kwa sababu zipo nyumbani. Tafadhali usifanye hivyo. Vyote viwili hula alumini, na mvuke wa jiki utauvuta wewe na wanao.

Povu likishindwa mara mbili, nafasi ya tatu ni kumlipa fundi AC aishushe evaporeta na kuiosha nje. Ni kazi ya dashibodi nzima, gharama yake ni kubwa kuliko vyote hapa, lakini kwa gari iliyopitisha miaka bila filta huenda ndiyo dawa pekee. Kabla hujakubaliana naye, uliza mambo matatu. Gesi ataivuta kwa mashine au ataiachia hewani? Gesi ya R134a inayotumika kwenye AC za gari zetu nyingi huzuia joto angani zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dioksidi, kwa hiyo anayeiachia anatuumiza sote, na wewe utanunua nyingine. Je, atabadilisha raba za maungio? Na atanyonya hewa yote kwenye mfumo kabla ya kujaza upya? Anayejibu kwa uhakika, mpe kazi. Anayekwambia "hilo si muhimu", ondoka. Mwombe pia akuonyeshe evaporeta ikiwa nje; ikiwa imeliwa au ina madoa ya mafuta kwenye maungio, ni bora ununue nyingine sasa kuliko kushusha dashibodi mara ya pili.

Bomu la kopo, lile unalolibonyeza na kuliacha litoe ukungu ndani ya gari iliyofungwa huku feni ikizungusha hewa ya ndani, naliweka nafasi ya nne. Husaidia viti na dari, na ni zuri baada ya povu. Peke yake harufu hurudi, kwa kuwa ukungu hauoshi tope. Mashine inayotoa gesi kali ya ozoni naiweka chini zaidi: huua harufu kweli, lakini ozoni huumiza mapafu na huharibu raba. Ukikubali kufanyiwa, asikae mtu wala mnyama ndani, na gari ipitishwe hewa vya kutosha kabla ya kupanda.

Marashi ya kuning'iniza ni ya mwisho. Napenda gari inayonukia udi kama Mzanzibari yeyote, lakini udi juu ya koga unatoa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili. Yanunue baada ya kusafisha.

Na ili usinunue povu tena mapema, zima AC dakika chache kabla ya kufika, uache feni ikivuta hewa ya nje na kukausha mapezi. Ukitoka Nungwi kuja mjini, ukifika Mtoni zima.

Kwa walio Pemba, madukani Chake na Wete chaguo ni chache, na wengi huagiza Unguja. Mtumie unayemwagiza picha ya filta ya zamani yenye namba inayosomeka pamoja na vipimo vya urefu, upana na unene. Kopo la povu lije kwa boti na si kwenye begi la ndege, maana makopo ya presha yenye kemikali zinazowaka hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Likifika, usiliache ndani ya gari juani. Mengi yameandikwa yasizidi nyuzi joto 50, na gari iliyofungwa mchana hufika huko bila shida.