Kifurushi cha filamu, nikiwa kwenye cherehani: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani, Tanga, na runinga yangu imetundikwa ukutani juu ya mashine ya ovaloki. Kifurushi cha king'amuzi nakilipia kila mwezi kwa sababu moja tu, chaneli ya filamu za Kiswahili. Mpira hatuutazami pale, na taarifa ya habari tunaisikia kwa jirani. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu uigizaji na hadithi za filamu zetu, nasema kama mteja anayetoa hela yake na anayezisikiliza kutwa nzima.

Nimesema kuzisikiliza. Macho yangu yako kwenye sindano. Nikishona kola siwezi kumtazama mtu akilia sebuleni kwake Mbezi. Nikizubaa, kidole kinaenda. Na hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya filamu zetu: unaifuata yote kwa masikio, mwanzo hadi mwisho, na usipitwe na kitu. Mume akiingia, mke anasema, "Mume wangu umerudi, mbona umechelewa, na hii rangi ya mdomo kwenye shati ni ya nani?" Hiyo rangi si tungeiona wenyewe? Mtu akibaki peke yake chumbani anajisemea kwa sauti mpango mzima wa kumwekea shemeji yake sumu, halafu anacheka. Akipigiwa simu anarudia kila anachoambiwa: "Unasema? Baba kapata ajali? Yuko Muhimbili?" Redio ingetosha, tena inakula umeme kidogo.

Binti ninayemfundisha kazi ameshazizoea kiasi kwamba anatabiri. Mzee mmoja alikohoa, mara moja tu, tena alikuwa anakunywa chai. "Shangazi, huyu jioni hafiki," akaniambia, na hakuinua hata kichwa. Kweli, kabla sijamaliza mkono wa pili wa gauni, mzee yuko chini ya shuka. Filamu zetu hazijui mafua. Ukikohoa, watu watafute sanda.

Si kwamba hatuna waigizaji. Nadhani tatizo limeanzia kwenye namna walivyokuzwa. Wengi wa kizazi cha kwanza walitoka kwenye vikundi vya maigizo ya runinga, kama Kaole tuliokuwa tunawatazama ITV, akiwemo marehemu Steven Kanumba. Kule mambo yalikwenda sana kwa kujitungia: unaelezwa tukio, maneno unatafuta mwenyewe. Njia hiyo inamnoa mtu, sikatai. Lakini anayejitungia maneno papo hapo hawezi kunyamaza, maana akinyamaza mwenzake anadhani kasahau. Basi kila pengo linajazwa, na hasira, huzuni na wivu vyote vinakuja kwa mdomo.

Halafu zikaja enzi za diski, filamu inauzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hadithi ya saa moja ikavutwa ijaze diski mbili. Ndiyo maana tukapata lile geti. Gari linapiga honi. Mlinzi anatoka kibandani, anafungua ubavu wa kushoto, anafungua wa kulia. Gari linaingia. Mlinzi anafunga. Tajiri anashuka, anavua miwani, anapokea simu, anapanda ngazi. Mimi huku nimeshapinda gauni zima na bobini imeisha. Diski zimekufa, geti limebaki.

Hapa Tanga tuna kipimo chetu, Amri Athumani, yule King Majuto aliyefariki Agosti 2018 na kuja kuzikwa kwao huku. Mtasema alikuwa mchekeshaji, mimi naongelea filamu za majonzi. Sawa, lakini mwangalieni anavyomsikiliza mwenzake. Uso unafanya kazi kabla ya mdomo. Anapewa habari, anaitafuna, anamtazama mtu kuanzia miguuni, ndipo anajibu, na wewe umeshacheka kabla hajasema. Kusikiliza namna hiyo ndiko kunakokosekana kwenye filamu zetu za kulia. Mwigizaji mmoja anaongea, mwingine anasubiri zamu yake, unaona kabisa anasubiri.

Zipo zilizonitoa mguu kwenye pedali. Ya kwanza ni Aisha, ya mwaka 2015, aliyoiongoza Chande Omar, na ni ya nyumbani kabisa maana imetengenezwa na shirika la UZIKWASA la hapo Pangani. Mwanamke aliyeolewa, mwenye shughuli zake mjini, anarudi kwao kwa ajili ya arusi, anabakwa, na wanaomzunguka wangependa yaishe kimyakimya. Godliver Gordian ndiye Aisha. Kilichonishika si kilio chake, ni watu wengine: wale wanaojua na wanaendelea na shughuli zao. Hao ninawajua, wanaleta vitambaa kwangu. Hadithi yenye lengo la kufundisha jamii huwa inaninukia semina toka mbali, na hii nayo kuna mahali inateleza ikahubiri, lakini kwa sehemu kubwa inakuachia uone.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hiyo ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Ukijaribu kuishonea utapotea. Ikhlas Gafur Vora, anayecheza Yasmin, msichana aliyeikimbia ndoa yake, anaachwa kwenye picha bila neno na unaelewa anachowaza. Siti Amina, ambaye kwa kweli ni mwimbaji wa taarabu, ndiye Mwajuma, na kila akiingia nyumba inachangamka. Lawama yangu ni kwamba picha ni nzuri mno, na kuna nyakati hadithi inasimama ili tuitazame Unguja. Sisi wa pwani bahari tunayo, turudi kwa watu.

Jambo jingine, na hili nalisema kama mtu wa hapa. Filamu ikimleta mwanamke wa Tanga, ujue mume wa mtu ameshaondoka. Atakuja na kanga mbili, chetezo cha udi na sauti ya kubembeleza, na kazi nyingine hana. Njama ikikwama, mtu anapanda basi usiku kuja "Tanga kwa mganga", na mganga mwenyewe yuko porini na vitambaa vyekundu na vyeusi, anaongea kama mtu aliyebanwa na kikohozi. Mji huu una bandari, una reli, una kiwanda cha saruji, una wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na ndoa zinazovunjika kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wa vitumbua mimi sijamwona kwenye filamu hata moja. Udi nimeuona mpaka nimepiga chafya.

Wateja wangu akina mama siku hizi wanaomba niweke tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Siwalaumu. Wale Waturuki wanajua kuwaacha watu wawili watazamane mpaka ukaingiwa na wasiwasi. Ila kwa mtu wa masikio kama mimi ni mtihani, kwa sababu sauti ya baba mkwe ndiyo hiyohiyo ya daktari na ndiyo ya polisi. Siku polisi alipomkamata daktari nilidhani mtu anajigombeza.

Kuhusu huduma yenyewe: picha ni safi, mvua ikinyesha inakata, na marudio ni mengi mno. Muziki uko juu kuliko maneno; kinanda kinaanza kulia kabla ya mfiwa. Tangazo linaingia popote, hata mtu akiwa na kisu mkononi. Ukitaka filamu bora, subiri usiku. Mchana wanaweka zile za geti.

Usiku mmoja ndipo nilipomwona mama mmoja ambaye mpaka leo sijamsahau. Filamu yenyewe ya kawaida tu, binti wa shule kapata mimba, baba anapiga kelele zinazojulikana. Mama amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Binti anamwambia. Mama hasemi "Unasema?", hashiki kichwa, hamwiti Mungu. Anaendelea kumenya. Ila ganda, lililokuwa likitoka jembamba, sasa linatoka nene, kisu kinakula muhogo wenyewe, mpaka ule uliobaki mkononi hautoshi hata kupikwa. Halafu akachukua mwingine. Nilikuwa na shela ya watu mkononi ya kukabidhi asubuhi na sikuigusa mpaka filamu ilipoisha.

Nikataka kujua ni nani. Majina yalipoanza kupanda, likaingia tangazo la sabuni ya unga, na baada ya hapo filamu nyingine. Imerudiwa tena na tena tangu siku hiyo, na kila mara wanakata palepale. Nikapiga huduma kwa wateja, nikamweleza kijana wa watu taratibu: mama wa mihogo, naomba jina lake tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nizime king'amuzi, nisubiri dakika tano, niwashe tena.