Nilipiga hesabu za mbwa, kampuni ya kubeti ikanifungia dau: uzoefu wangu

Pauni moja na peni 18. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho kampuni moja kubwa ya kubeti hapa Uingereza inaniruhusu kuweka kwa mbwa mmoja wa mbio. Aliyenieleza hivyo uso kwa uso ni meneja wa duka lao mashariki mwa London, huku akitafuna chingamu. Jina la kampuni silitaji. Anayebeti huku atawatambua, na asiyebeti hapotezi kitu.

Mambo ya programu yao ya simu, bonasi ya kujiunga na muda wa kutoa hela yasomeni kwenye matangazo yao, wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoeleza mimi. Mimi nina jambo moja tu kifuani: wanavyokugeuka siku ukianza kubeti kwa hesabu.

Kwa walio mbali, huku mbwa wa mbio ni wa kweli, si wa kompyuta, wana mapafu na wana siku mbaya. Kwa Uingereza mchezo wa namna hii ulianza uwanja wa Belle Vue, Manchester, mwaka 1926, na enzi hizo watu walijaa viwanjani. Sasa viwanja vinafungwa kimoja baada ya kingine: Walthamstow 2008, Wimbledon 2017, Crayford mwanzoni mwa 2025. Hata hivyo mbio zinakimbiwa asubuhi mpaka usiku, kwa sababu siku hizi wateja wake wakubwa hawakai jukwaani, wako mbele ya skrini kwenye maduka ya kubeti.

Kilichonivuta mimi ni kwamba ya kukisia ni machache. Mbwa sita. Hakuna kocha, hakuna mwamuzi, hakuna beki wa kupewa kadi nyekundu dakika ya 12 mkeka ukachanika. Mbio za kawaida huisha ndani ya nusu dakika, na historia ya kila mbwa imechapwa mbele yako: muda wake, uzito wake, boksi la kuanzia mbio alilotokea, kama alichelewa kutoka, kama alibanwa, na alibanwa kona gani. Mtu aliyependa hisabati shuleni akakosa pa kuzipeleka, hapa anapata pa kuzipeleka.

Tuchukue mbio ambayo odi zake, yaani bei, kila pauni moja ikishinda inarudi pauni ngapi, ni 2.75, 4.00, 5.00, 6.00, 7.00 na 11.00. Gawa 100 kwa kila odi unapata asilimia: 36.4, 25, 20, 16.7, 14.3 na 9.1. Zijumlishe: 121 na ushee. Lakini mshindi ni mmoja, kwa hiyo asilimia za kweli za mbwa wote sita haziwezi kuzidi 100. Ile 21 ya juu ni mgao wa mwenye duka. Ukitaka uhakika wa kupokea pauni 100 mbwa yeyote akishinda, itabidi ulipe zaidi ya pauni 121. Ndiyo maana mtu anayebeti kwa kupenda jina la mbwa huliwa pole pole tu, hata kama Jumanne alikula na Jumatano akala.

Sasa ukitaka kuushinda mgao huo humtafuti mbwa atakayeshinda. Hilo watu hawanielewi kabisa nikieleza. Unamtafuta mbwa ambaye bei yake imekosewa. Chukua mbwa aliyebanwa kona ya kwanza wiki iliyopita, akapoteza kama urefu wa mbwa wanne. Huku urefu mmoja huhesabiwa sekunde 0.08, basi karatasi inaonyesha amekimbia taratibu kwa sekunde 0.32. Watu wa haraka wanaangalia muda wa mwisho, wanamwona mzembe, wanamruka. Mimi nasoma yale maelezo madogo, namrudishia sehemu ya zile sekunde, naangalia kama mchanga siku ile ulikuwa mzito au mwepesi, naangalia kama leo ameshushwa daraja. Halafu nageukia majirani zake, na hapo ndipo penye utamu. Mbwa anayependa kukumbatia reli ya ndani akiwa boksi la 1, na wa boksi la 2 ni mzito kutoka, anaingia kona peke yake bila kuguswa. Mbwa yule yule mwekee jirani anayechomoka na kuingia ndani, nafasi yake inaweza kupungua nusu. Muda wake haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni jirani.

Ukimaliza unasema: huyu kwangu ana asilimia 25. Bei yake halali ni 4.00. Dukani wanatoa 5.00. Zidisha 0.25 kwa 5 upate 1.25, maana yake kila pauni unayoweka inatarajiwa kurudi na peni 25 juu, kama makadirio yako ni sahihi na ukivumilia muda mrefu. Huyo huyo atapoteza mara tatu kati ya nne. Na kuliwa mara 10 mfululizo wala si kulogwa, uwezekano wake ni asilimia 5.6. Kwa ajili hiyo kuna kanuni ya John Kelly, mtafiti wa maabara ya Bell Labs huko Marekani, ya mwaka 1956, ya kupima uweke kiasi gani: kwa mfano huu ingekuwa asilimia 6.25 ya mtaji. Mimi naweka robo ya hiyo, kwa sababu makadirio yangu ni ya binadamu na usiku nafanya kazi, asubuhi macho yamechoka.

Basi. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Wakati nilipokuwa nabeti mpira, mechi nane mkeka mmoja, hawa watu walinipenda. Barua pepe kila wikiendi, dau la bure, heri ya siku ya kuzaliwa, jina langu wamelipatia na herufi zake zote. Nilipohamia kwenye mbwa na daftari, nikawa nachukua bei za asubuhi kabla hazijashuka. Hawa hawasubiri utajirike. Wanachoangalia ni kama bei unayoichukua asubuhi huwa inaporomoka kabla boksi hazijafunguliwa. Umechukua 5.00, mbio zinaanza mbwa yuko 3.75, na hali hiyo inajirudia, wameshakujua, hata kama mbwa mwenyewe kaja wa mwisho. Faida yangu mpaka wakati huo haikufika kodi ya chumba ya mwezi mmoja! Siku moja, majira ya baridi hivi, naweka pauni 10, skrini inanijibu: kiwango chako cha juu ni pauni 1.18. Nikadhani mtandao umekwama. Nikaandika kwenye chati ya huduma kwa wateja, nikajibiwa na mtu aliyejiita kwa jina la kike kwamba ni "uamuzi wa kibiashara", anashukuru kwa uvumilivu wangu. Nikauliza uvumilivu upi. Akafunga chati.

Nikasema sawa, pesa taslimu haina jina, nitakwenda dukani. Nikaenda. Siku za mwanzo binti wa keshia alipokea vizuri tu, akaandika bei kwenye karatasi, akaniambia kila la heri. Baadaye akaanza kuinua simu kila akiniona. Anasoma mbio, boksi na kiasi, anasikiliza, ananiangalia kwa huruma, ananitajia kiasi wanachoruhusu. Siku ninayoisema mimi aliinua simu, akasikiliza, akanyamaza, akamwita meneja.

Meneja akatoka nyuma na chingamu yake. Hakunisalimia. Nyuma yangu kuna foleni ya watu, baadhi nafanya nao kazi, mmoja ni Mkenya tunayesali naye. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Kompyuta imesema pauni 1 na peni 18. Hutaki, mlango ule pale." Nikamuuliza nimefanya kosa gani. Akasema sina kosa, ila biashara yangu hawaihitaji. Nikamwonyesha bango kubwa dirishani kwao linalosema ujuzi wako ukulipe. Akalitazama, akanitazama, akacheka. Huo mcheko ndio uliofanya niandike haya yote.

Lakini subirini, sijafika pabaya.

Kwenye kona ya duka kuna zile mashine za kuzungusha, na mbele ya moja kuna mzee mmoja ambaye ukienda asubuhi yupo, ukienda jioni yupo. Mashine hizo serikali iliziwekea kikomo cha pauni 2 kwa mzunguko tangu 2019, baada ya kelele nyingi, kwa sababu zamani zilikuwa zinaruhusu hadi pauni 100. Yaani yule mzee anaruhusiwa pauni 2 kila baada ya sekunde chache, kutwa, kwenye mashine iliyotengenezwa imle. Mimi pauni 1.18 kwa mbio moja. Na meneja yule yule, alipomalizana na mimi, alimpelekea mzee chai. Na biskuti! Nimeshaona mama ntilie akimkopesha mteja, nimeona akimtukana, lakini sijaona anayemfukuza mtu kwa sababu tu amejua sufuria lenye nyama.

Hata hivyo nikisema ni wezi nitakuwa mwongo. Kila nilipokula walinilipa, hawakuzungusha hata mara moja. Bei zao za asubuhi zilikuwa nzuri kuliko za maduka mengine mtaani, na kama bei ya mwisho ilipanda kuliko niliyochukua, walinilipa ile kubwa bila kuombwa. Ningesema hata kwamba ni kampuni nzuri. Naandika hivi najishangaa. Ndiyo, ni kampuni nzuri, kwa mtu asiyejua anachofanya.

Nililalamika kwa maandishi. Jibu likaja lile lile la chati, safari hii na saini. Nikaambiwa na wenye uzoefu nisijisumbue kupanda juu zaidi, kwa sababu sheria ya hapa hailazimishi kampuni kupokea dau la mtu, na wale wasuluhishi wa migogoro ya kubeti wanaangalia kama umelipwa ulichoshinda, hawaangalii kwa nini umekataliwa. Australia wenzetu, jimbo la New South Wales, tangu 2014 wana kanuni inayoilazimisha kampuni kumpokea mshindi mpaka kiasi fulani kwenye mbio za farasi. Kwa hiyo inawezekana, ni kutaka tu.

Kuna pia yale masoko ya mtandaoni ambako wachezaji mnabetiana wenyewe kwa wenyewe na mwenye soko anachukua kamisheni. Huko hesabu hazimkeri mtu. Tatizo ni kwamba mbio za mbwa za mchana siku ya kazi hazina pesa nyingi mpaka dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho bei tamu zimeshaondoka. Ndiyo ninakotumia sasa, kwa shingo upande.

Jambo jingine, kwa sababu najua nitaulizwa. Mpwa wangu aliyeko Mwanza alipata habari zangu, akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Ile fomula ya mbwa nitumie na mimi, huku wanakimbia kila baada ya dakika chache." Nikamwitikia, kisha nikampigia simu kabisa, maana hili si la kuandika. Nilimwambia: mpwa wangu, hao wa kwenu ni mbwa wa kompyuta. Hawabanwi kona. Hawachoki. Mchanga wao haulowi. Kompyuta inachagua mshindi kwa namba za bahati nasibu, na odi unazoziona zimetokana na uwezekano ule ule inaotumia kuchagua, zikakatwa mgao wa kampuni. Bei haiwezi kukosewa kwa sababu aliyepanga bei ndiye aliyepanga mbio. Huku kwangu mpanga bei anamkadiria mbwa kama ninavyomkadiria mimi, anaweza kukosea. Huko hakuna cha kukosea. Anayekuuzia fomula ya mbwa wa kompyuta kwenye kundi la simu anakuuzia hewa, na angekuwa nayo asingekuwa anaiuza kwa elfu tano. Akasema, "Nimekuelewa mjomba, ila juzi boksi la 4 limetoka mara tatu mfululizo." Nikakata simu.

Tukirudi kwa hawa wangu. Kama unabeti mikeka ya mpira Jumamosi kwa kujifurahisha, nenda, watakupokea vizuri, duka safi, viti vizuri, heri ya siku ya kuzaliwa utaipata. Kama una daftari, chukua bei zao haraka kabla hawajakujua, weka dau za kawaida, na usimwonyeshe meneja bango lao wenyewe. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa sababu ya zile bei za asubuhi. Nimeikumbuka ile chai na biskuti, nimeondoa moja.

Zimebaki mbili, na ya pili ni ya binti wa keshia, si ya kampuni. Akiacha kazi pale ihesabiwe moja.